Nimeoneshwa kompyuta mbili za gemu Ngamiani, nina laki tano. Nichukue ipi?

Mwana wa Sahare

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini, na tangu mwaka jana natenga elfu kumi kila wiki. Sasa imetimia laki tano. Nataka mashine ya gemu ikae nyumbani, maana mdogo wangu akienda banda la gemu harudi mpaka Isha, na kila mechi ni hela. Tunacheza vitu viwili tu: GTA V na mpira.

Juzi nilizunguka zile barabara za namba za Ngamiani, nikaoneshwa mbili. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010, kasha kubwa la kusimama, limekwaruzika kila upande. Ina prosesa ya i5-3470, RAM GB 4, diski ya GB 500, haina kadi ya grafiki. Laki mbili na ishirini.

Ya pili ina taa za rangi na kioo ubavuni. Prosesa ni hiyo hiyo, RAM GB 8, na muuzaji anasema ndani kuna kadi ya grafiki, GTX 1050 Ti ya GB 4. Laki nne na themanini. Kilichonivutia zaidi, kadi yake ina tundu la VGA, lile la zamani la kuunga monita, na monita yangu ya zamani ni VGA tupu. Roho yangu yote iko hapo. Jumamosi nataka nikalipe.

Fundi Chumbageni

Kaka, Jumamosi usilipe. Hilo tundu la VGA ndilo limenifanya nikujibu usiku huu.

Nvidia, wanaotengeneza chipu za kadi hizi, waliiacha VGA kwenye kizazi cha GTX 10. 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016, kwa kawaida ina matundu ya HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali. Ukikuta VGA, shtuka. Kuna kadi kuukuu, mfano GTX 550 Ti ya mwaka 2011, zinaandikwa upya programu ya ndani ili zijitaje kuwa 1050 Ti. Windows inasoma jina ililopewa, basi. Ukifungua gemu ndipo inakwama au mashine inazima kabisa. Nimeletewa kadi ya hivyo na kijana aliyeuza simu yake ili ainunue, na sikuwa na la kumsaidia. Iliniuma.

Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Kadi ikiwa feki, inaandika [FAKE] mbele ya jina. Muuzaji anayejiamini hatakukatalia kujaribu. Halafu chungulia kwenye hicho kioo: 1050 Ti inakula wati 75, nyingi zinajitosheleza na umeme wa ubao mkuu wa kompyuta (motherboard). 550 Ti inataka waya wa ziada wa pini sita.

Mimi ningechukua hiyo iliyokwaruzika. Waliotengeneza GTA V wenyewe waliitaja i5-3470 kwa jina kwenye prosesa wanazopendekeza. Prosesa unayo, unakosa kadi tu. Na shukuru kasha ni kubwa, kwa sababu 7010 ndogo inakubali kadi fupi peke yake, nazo kuzipata ni kazi. Ongeza kipande kingine cha RAM cha GB 4, DDR3, viwe viwili vifanye kazi pamoja. Monita yako usiitupe, nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, na waya uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao.

Jambo moja la kwetu: Sahare mko jirani na bahari. Ile hewa ya chumvi inashika meno ya RAM na kadi, mashine inawaka lakini kioo kinabaki cheusi, watu wanaitupa. Chomoa, sugua meno kwa ufutio mweupe wa shule, rudisha. Nimefufua nyingi kwa njia hiyo.

Mdau wa Makorora

Upande wa mpira, FC 26 isahau, inadai Secure Boot na TPM 2.0, yaani kinga za usalama za kompyuta mpya, na mashine ya umri huo haina TPM hiyo. Chukua eFootball ya Konami, ni ya bure. Mimi naicheza kwenye i5-3470 na 1050 Ti, iko vizuri. GTA V chagua ile ya Legacy, yaani toleo la zamani, na ujue inapita GB 100. Kwa bando utalia. Ukishainunua, kopi faili kwa mtu aliye nayo, Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, itazikagua na kuzitambua.

Mwana wa Sahare

Nimerudi, wakuu. Nilienda na flashi, ikaandika [FAKE] NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Na waya wa pini sita upo kama fundi alivyosema. Muuzaji alinyamaza, kisha akasema naye aliuziwa hivyo. Uso wake ulivyobadilika, namwamini.

Nimebeba 7010 kwa laki mbili kamili. Mdogo wangu kashasugua RAM kwa ufutio wake wa shule, sasa anauliza kadi inakuja lini. Fundi, asante sana, umeniokolea jasho la karibu mwaka mzima. Kadi nitaitafuta taratibu, sitaki tena haraka.

Fundi Chumbageni

Njoo na kasha Jumapili baada ya Adhuhuri. Nina GTX 750 Ti yangu imekaa kabatini, mfunge mcheze nayo mpaka mpate yenu.