Turbini ya Daraja la III na Kundi la Hatari la II: je, namba hizi zinalinganishwa?

Mjumbe wa kamati, Monduli
Ndugu wahandisi, habari za kazi. Shule yetu ya sekondari inakusudia kusimamisha turbini ndogo ya upepo, yenye rota (sehemu ya mabawa inayozunguka) ya kipenyo cha mita 7, juu ya mnara wa mita 18 ulio hatua chache kutoka bweni la wasichana. Hati za muuzaji zinasema mashine ni ya Daraja la III kwa IEC 61400-2, kiwango cha kimataifa cha turbini ndogo za upepo, ilhali mchoro wa msingi umeandikwa Kundi la Hatari la II kwa kiwango cha Marekani cha ASCE 7. Mwenyekiti wetu anasema III inazidi II, hivyo mashine ni imara kuliko inavyotakiwa. Je, yuko sahihi?

Mhandisi miundo, Arusha
Ndugu mjumbe, tafadhali mwombe mwenyekiti asitie saini kwa hoja hiyo, kwa sababu namba hizo hazipimi kitu kimoja, na zaidi ya hapo zinakwenda kinyume. Daraja la IEC linaeleza upepo ambao mashine imeundwa kuuhimili: la I ni mita 50 kwa sekunde, la II 42.5, la III 37.5 na la IV 30, ukiwa ni wastani wa dakika 10 kwenye kimo cha kitovu cha rota, wa aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 50. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo upepo wa Daraja la I husukuma karibu mara 1.8 ya ule wa Daraja la III. Huku namba ikipanda, uwezo unashuka.

Kundi la Hatari linauliza jambo jingine: mnara ukianguka, ni nani atakayeumia? La I ni la majengo kama ghala la shambani, la IV ni la hospitali na vituo vya zimamoto. Huko namba ikipanda, masharti yanakaza.

Mhandisi, Moshi
Naongeza jambo ambalo limewaponyoka hata wenzetu wazoefu. Katika ASCE 7 ya mwaka 2016, kasi ya Kundi la II ni ya upepo unaotarajiwa mara moja katika miaka 700, hupimwa kwa wastani wa sekunde 3 wakati upepo unapovuma ghafla, na kizidisho chake cha mzigo, yaani namba ya usalama ambayo mzigo wa upepo huzidishwa nayo, ni 1.0. IEC huanza na upepo wa miaka 50, kisha huzidisha mzigo, kwa mfano kwa 1.35 pale ulipokokotolewa kwa modeli kamili ya mwendo wa mashine. Anayechukua kasi ya miaka 50 na kizidisho cha 1.0 anajenga mnara dhaifu bila kujua. Mwombeni aliyechora aonyeshe ametumia kasi ipi, pamoja na kizidisho chake.

Mjumbe wa kamati, Monduli
Nashukuruni sana. Na kuhusu bweni?

Mhandisi miundo, Arusha
Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa wanafunzi hulala pale usiku kucha. Mnara wa mita 18 na bawa la mita 3.5 hufika mita 21.5, usogezeni mbali na bweni kupita umbali huo, tena kwa ziada ya kutosha, kwa sababu bawa likikatika huruka mbali zaidi ya hapo. Gharama ya kebo ndefu ni ndogo, nanyi bado hamjachimba msingi.