Viti vitatu vya umeme kwa kijana mwenye Duchenne: tuchukue kipi?

Mama Ibra
Wakuu, habari za leo. Mwanangu ana miaka 16, ana Duchenne, ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo. Hatembei tena, na mikono imeanza kuchoka, kwa hiyo kiti mwendo cha kusukuma kinamshinda. Ndugu wamechanga, tumebaki na viti vitatu. Cha kwanza kinakunjwa, betri ya lithiamu, kinaingia kwenye buti. Cha pili mtumba kutoka Ulaya, kinaendeshwa na magurudumu ya nyuma, betri mbili za jeli. Cha tatu kina magurudumu sita, ya kuendeshea yako katikati, na siti nzima inabinuka nyuma. Hiki bei imechangamka. Tunaishi Mbagala, kutoka nyumbani hadi lami ni mchanga. Moyo wangu uko kwenye cha kwanza.

Fundi Chuma
Mama Ibra, pole na hongera kwa kupambana. Cha kwanza kwenye mchanga kitawasumbua, vile vigurudumu vyake vya mbele ni vidogo, vinazama. Cha pili kimetulia njia ndefu, ila kugeuka kinataka nafasi. Cha tatu kinageuka papo hapo, ndani ya nyumba hakina mpinzani. Shida yake ni mtaro: gurudumu la mbele na la nyuma yakikaa juu ya kingo, la katikati linazunguka hewani. Kuna pia vinavyoendeshwa mbele, na kwa mchanga mimi naviamini zaidi. Ulizieni.

Tibaviungo
Fundi, kabla ya magurudumu tuangalie mwili. Duchenne inaendelea. Siku kijana akishindwa kujiinua makalio, vidonda vya kukaa viko mlangoni. Siti inayobinuka nzima, mgongo na makalio pamoja, inahamishia uzito mgongoni. Msichanganye na ile inayolaza mgongo peke yake, hiyo inamtelezesha mbele. Viti vingi vya kukunjwa siti yake ni kitambaa, kikilegea nyonga moja inashuka, na vijana hawa uti wa mgongo tayari unaelekea kupinda.

Mpime akiwa amekaa wima. Upana wa siti ulingane na nyonga, usiache nafasi kubwa pembeni. Kina: toka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6.

Mgeni wa Tabata
Msikidharau cha kukunjwa. Mimi niliumia uti wa mgongo, ndicho kinachonipeleka kazini. Chepesi kama changu dereva wa teksi anakiinua. Hivyo vya kilo mia na zaidi, kila safari ni kukodi kirikuu. Lakini mimi mikono yangu haidhoofiki, na makalio najiinua mwenyewe. Kwa Ibra, swali langu ni joistiki, kile kijiti cha kuendeshea: vidole vikichoka, mfumo wa kiti unakubali kufungwa ya kidevuni? Vingi vya bei nafuu havikubali, na hapo mnanunua kingine upya. Halafu, Ibra mwenyewe anasemaje?

Mama Ibra
Nimemuuliza. Anataka magoti yaingie chini ya dawati, amechoka kuandikia mapajani. Nimepima na mlango wa choo: sentimita 66. Cha pili kina 68, kimejitoa chenyewe. Cha tatu kina 62, na muuzaji amethibitisha joistiki inabadilishika. Kile cha kusukuma tutabaki nacho kwa safari za teksi.

Tibaviungo
Sawa kabisa. Pima na kimo cha dawati kutoka sakafuni hadi chini ya ubao, kisha mapaja yake akiwa juu ya mto wake wa kukalia. Mto unaongeza kimo, wengi wanausahau.

Fundi Chuma
Na msilipe kabla Ibra hajakiendesha kwenye mchanga wenu, yeye mwenyewe juu yake. Muuzaji akigombana, ondokeni. Kwa kizingiti cha mlango jengeni mteremko wa zege: kila sentimita 1 ya kimo, 12 za urefu. Kama njiani kuna mtaro, nitumie picha yake nikuchoree kifuniko.