Uchoraji wa nta ya nyuki: tabaka la pili linabanduka, nifanyeje?

Ngamiani_Rangi: Wadau, naanza kuchora kwa nta ya nyuki. Nta ni ya Handeni, imechujwa ila bado ya njano. Naipaka kwenye kanvasi yenye akriliki nyeupe. Ikipoa, tabaka la pili linabanduka kama ganda ukiligusa kwa ukucha. Buluu nayo inageuka kijani. Halafu, joto letu la Februari picha italistahimili?

FundiNta_Bagamoyo: Tatizo kubwa ni hiyo kanvasi. Inapinda, nta haipindi, kwa hiyo inapasuka. Akriliki nayo ni plastiki, nta haina pa kupenya. Chukua plaiwudi ya milimita 9 au 12 isiyo na vanishi, ipige msasa, ifute vumbi, uipashe moto kidogo kabla ya kupaka.

Jambo la pili ndilo wanaoanza wengi hawaambiwi: kila tabaka lazima liunganishwe na la chini yake kwa moto. Tumia mashine ya hewa moto, iweke umbali wa sentimita 10 hadi 15, uizungushe bila kusimama. Tazama uso wa nta: kwanza umefifia, halafu unaanza kung'aa kama umelowa. Hapo hapo ondoa. Ukingoja mpaka nta itembee, mistari yako yote imekwenda. Draya ya nywele mara nyingi haitoshi.

Ili nta iwe ngumu, weka damari, ule utomvu mkavu wa mti: gramu 100 kwa gramu 800 za nta. Itwange, itie kidogo kidogo kwenye nta iliyoyeyuka, koroga mpaka iyeyuke yote, chuja kwa kitambaa cha pamba ingali moto, maana huja na vipande vya magome.

Mama_Chumbageni: Naongeza usalama, kwa sababu hapa watu huungua. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kazi hufanyika kwenye 80 hadi 90. Nunua kipimajoto. Ukiona moshi umeshapitiliza, na moshi huo unaumiza macho na mapafu. Jiko la mkaa hapana kabisa, tumia la umeme lenye kupunguza moto, madirisha wazi. Ikishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko. Maji yatatawanya moto. Brashi ziwe za manyoya, nailoni inaharibika kwa joto. Ukichanganya poda ya rangi, vaa barakoa.

Pwani_Oksaidi: Buluu inageuka kwa sababu ya njano ya nta. Ikwangue nta iwe nyembamba, itandaze juani kwenye kitambaa cheupe, uinyunyizie maji ili isiyeyuke, igeuze kila siku mpaka ipauke. Usiitandaze kwenye bati.

Joto la chumbani haliyeyushi nta. Picha za sura za watu zilizofungwa juu ya maiti zilizokaushwa za Fayum huko Misri, za karne ya 1 hadi ya 3 BK, nyingi zilichorwa kwa nta na rangi zake zipo hadi leo. Hatari ni jua la moja kwa moja na gari lililofungwa madirisha. Ukungu mweupe ukitokea juu, futa taratibu kwa kitambaa laini.

Ngamiani_Rangi: Asanteni sana. Damari nikiikosa, nichanganye mshumaa?

FundiNta_Bagamoyo: Hapana ndugu yangu. Mishumaa mingi ya dukani ni parafini, inavunjika vunjika. Bora nta tupu. Itakwaruzika upesi zaidi, lakini itashika.