Huduma zetu za ndani zinaaminiana kupita kiasi. Nianzie wapi kuzipima?

Fundi_Mifumo:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, jambo hili limeninyima usingizi.

Mfumo wetu una huduma nne: maagizo, malipo, ankara na taarifa za wateja. Mbili za zamani ni za SOAP (zinabadilishana ujumbe ulioandikwa kwa XML), mbili mpya ni za REST (zinaitwa kwa anwani za kawaida za wavuti). Mbele kuna lango linalokagua tokeni, yaani kitambulisho cha kidijitali anachopewa mtumiaji akishaingia. Ukishapita hapo, ndani huulizwi tena. Majaribio yote yalikuwa yanapita. Juzi mwenzangu aliingia kwa akaunti yake, akafungua /ankara/1041 iliyo yake, kisha akaandika 1042. Ikaja ankara ya mteja mwingine: jina, simu, kiasi, vyote. Jibu 200, yaani ombi limekubaliwa.

Tumeziba pale, ila nahofia ipo mianya mingine.

Mlinda_Lango:
Pole sana mkuu. Mwanya huo ndio namba moja kwenye orodha ya OWASP (shirika la usalama wa programu) ya hatari za API, yaani njia ambazo programu huitana; ya 2019 na ya 2023 pia. Majaribio yenu yanatumia watumiaji wangapi?

Fundi_Mifumo:
Mmoja tu. Tena ana haki za msimamizi.

Mlinda_Lango:
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Tengeneza wawili wa kawaida, Asha na Juma. Asha aunde ankara, kisha kila njia inayoigusa, kusoma, kubadili, kufuta, kupakua, iitwe kwa tokeni ya Juma. Jibu liwe 403 (huruhusiwi) au 404 (haipo). Likija 200, toleo lisitoke. Rudia bila tokeni, kisha kwa tokeni iliyokwisha muda, utarajie 401 (hujatambuliwa). Na baada ya jaribio la kufuta, ingia kwenye hifadhidata uone kama rekodi bado ipo. Nimewahi kukuta huduma inajibu 403 ilhali imeshafuta.

Neema_K:
Si ungeendesha tu ZAP, ile programu ya kutafuta mianya, ikague mfumo mzima?

Mlinda_Lango:
Iendeshwe, inasaidia kwa mengi. Ila yenyewe haijui ankara 1042 ni ya nani. Hata lango halijui. Ajuaye ni huduma ya ankara, kwa hiyo ukaguzi wa umiliki ukae huko. Tokeni ya mtumiaji isiishie langoni, ifike hadi ndani, na kila huduma ihakiki saini ya tokeni hiyo, muda wake na mlengwa wake (huduma iliyokusudiwa kuipokea). Huduma zenyewe zitambuane kwa vyeti vya TLS (teknolojia ya kulinda mawasiliano) pande zote mbili.

Baba_Seva:
Na zile za SOAP msizisahau. Kichanganuzi cha XML, yaani kinachosoma ujumbe huo, kisipodhibitiwa, mtu anaweka kwenye ujumbe rejeo la faili lililo ndani ya seva, nalo linarudi kwenye jibu. Zimeni kabisa DTD, sehemu ya XML inayoruhusu marejeo hayo. Kisha, kwenye mazingira ya majaribio, tumeni ujumbe wenye tamko la DTD: ukikataliwa, mko salama upande huo.

Lingine, ndugu yangu: someni kumbukumbu za zamani za seva (logi). Tafuteni akaunti moja iliyoita namba za ankara kwa mfululizo. Mkiikuta, wateja walioguswa wana haki ya kuambiwa.

Fundi_Mifumo:
Ahsanteni sana. Jaribio la Asha na Juma nimeliandika jioni hii. Njia tatu zimejibu 200, mojawapo ya kupakua PDF. Naifunga hiyo kwanza, kisha nafungua kumbukumbu.