Naomba ushauri: asidi ya tumbo huharibu nini kwenye antibiotiki ya erithromaisini?

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Nafundisha kemia kidato cha nne hapa Lamu, na nimekwama.

Tulipofika kwenye esta (misombo itokanayo na asidi kuungana na alkoholi) niliwaletea wanafunzi tui la nazi wanuse, maana harufu ile ya nazi sehemu kubwa ni laktoni, yaani esta iliyojifunga ikawa pete. Walifurahi, ingawa wengine walianza kuulizia mahamri. Nikaendelea: erithromaisini nayo ina pete ya laktoni, kubwa, ya atomi 14, na dawa hiyo hushika ribosomu ya bakteria ikazuia utengenezaji wa protini. Mmoja akauliza mbona vidonge vyake hupakwa utando. Nikajibu kwa kujiamini kwamba asidi ya tumbo huifungua laktoni, kama esta yoyote.

Jioni barazani mfamasia mmoja akanipinga. Asema kinachoanza kuharibika ni ketoni (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili) iliyo kwenye pete, ambayo huungana na haidroksili (vikundi vya OH) za jirani. Ndiyo sababu, kwa maneno yake, dawa ya jamii hiyo hiyo, azithromaisini, huvumilia asidi zaidi: pete yake ni ya atomi 15, na pale penye ketoni pamewekwa naitrojeni. Nimepekua vitabu vyangu vya shule, vyote vinaishia kwenye esta za kawaida.

Je, yuko sahihi, nirudi darasani nijisahihishe? Na penisilini, ambayo pete yake ni laktamu (yenye naitrojeni mahali pa oksijeni ya pete) wala si laktoni, niieleze vipi bila majina hayo mawili kuwachanganya? Kipindi ni Jumatatu.