Kipa wa miaka 19: abaki namba tatu Ligi Kuu, aende mkopo Championship, au arudi Dodoma First League?

Mjomba wa Chang'ombe:
Mbukwenyi wakuu. Nina mpwa wangu, kipa, ana miaka 19. Kadaka timu ya vijana misimu miwili, mwaka jana wakampandisha timu ya wakubwa, klabu ya Ligi Kuu. Jina la klabu silitaji, dogo bado anakula huko. Tangu apande hajagusa nyasi siku ya mechi. Ni namba tatu, siku nyingi hata benchi hakai, anakaa jukwaani na traksuti kama mgeni wa heshima.

Mkataba umebaki mwaka mmoja. Mezani kuna mambo matatu. Abaki alipo: mshahara si mkubwa ila unaingia, hosteli ipo, na kila siku anafanya mazoezi na kipa mgeni ambaye kwa kweli ni mtu na nusu. Au aende mkopo timu ya Championship, daraja la pili chini ya Ligi Kuu, huko nyanda za juu kusini, wameahidi atakuwa namba moja. Au avunje mkataba arudi hapa Dodoma, kuna timu ya First League, daraja la tatu, inamtaka, adake huku anasoma diploma. Hii ya tatu ndiyo anayoitaka mama yake, yaani dada yangu, na kwa dada yangu hakuna rufaa.

Huyu mtoto nimemsindikiza tangu anadaka kwenye kiwanja cha kokoto. Glavu zake za kwanza nilinunua za mtumba pale Sabasaba, kidole gumba cha kushoto kimechanika, mama yake akakishona kwa uzi wa nailoni. Sitaki nimshauri vibaya. Dirisha la usajili linafungwa muda si mrefu.

Bodaboda Msomi:
Namba tatu ni mtazamaji anayelipwa. Aende mkopo. Nimemaliza.

Mnyama Area C:
Usimalize haraka mkuu. Ally Salim pale Simba alikuwa namba tatu, watu hata sura yake hawaijui vizuri. Aprili 2023 kipa namba moja Manula kaumia, dogo akawekwa langoni kwenye mechi ya Yanga, tukashinda 2-0. Agosti mwaka huohuo, Ngao ya Jamii pale Mkwakwani Tanga, akapangua penalti 3 za Yanga. Angekuwa kaenda mkopo, hizo siku mbili zingekuwa za nani?

Bodaboda Msomi:
Na baada ya hapo mkasajili nani? Lakred kutoka Morocco, kisha Camara kutoka Guinea. Kusubiri kulimpa siku mbili, hakukumpa jezi namba moja.

Mwananchi Kizota:
Aje Yanga amsubiri kipa wetu Diarra astaafu 😂

Bodaboda Msomi:
Mshery alikuwa anadaka zake vizuri Mtibwa, Januari 2022 akaja Yanga, akamkuta huyohuyo Diarra. Kipa si kama winga mkuu. Winga unaingia dakika ya 75, unapewa upande wa kulia, unapewa wa kushoto. Lango ni moja, na anayelishika akiwa mzima hatoki.

Nyavu Kuukuu:
Nimedaka madaraja ya chini miaka kadhaa, sikufika popote, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari.

Mazoezi yanakupa mikono. Maamuzi huyapati kule. Mazoezini ukitokea krosi ukaikosa, kocha anapiga filimbi, mnarudia. Kwenye mechi ukiikosa, dakika zote zilizobaki mabeki wako hawakuangalii usoni, na krosi inayofuata ni lazima utokee tena. Hilo la kutokea tena ndilo linalomtofautisha kipa na mtu mrefu mwenye glavu.

Goli lililonifundisha nilifungwa hapahapa Dodoma, mwezi wa nane, ule upepo wetu wa mchana. Beki wao alibutua tu kutoka nusu yake. Nikauona unakuja mrefu, nikarudi hatua tatu. Upepo ukaushika, ukadondoka mbele yangu, ukadunda kwenye udongo mkavu kama jiwe, ukanipita juu ya kichwa. Uwanja ulicheka mpaka muuza karanga akasahau chenji ya mtu. Tangu siku ile nikiingia kiwanjani natazama kwanza kibendera cha kona kinaelekea wapi, ndipo nasalimia watu. Hakuna kipa mgeni ambaye angenifundisha hilo nikiwa jukwaani.

Na sasa kuna hii sheria ya sekunde 8 iliyoanza msimu wa 2025/26. Ukiushika mpira, refa ananyoosha mkono anahesabu 5 za mwisho kwa vidole, ukizidisha ni kona. Kujua sekunde 8 ni ndefu kiasi gani huku mashabiki wanakuzomea nyuma ya lango, hiyo ni kazi ya mechi.

Ila msimpeleke popote kwa sababu ya jina la ligi. Mjomba, umeuliza kocha wa makipa ni nani huko? Timu nyingi za chini "kocha wa makipa" ni yule anayebeba koni. Dogo wa miaka 19 akicheza mechi 25 bila mtu wa kumkosoa, anaota tabia mbaya 25.

Mjomba wa Chang'ombe:
Sikuuliza. Niliuliza chumba na chakula.

Karani wa Makole:
Mimi nisemee makaratasi. "Avunje mkataba" ni neno zito. Mchezaji hakai tu siku moja akasema nimechoka jukwaani.

Mwananchi Kizota:
Si kuna kanuni ya FIFA, usipocheza asilimia 10 ya mechi unaondoka zako?

Karani wa Makole:
Ipo, lakini ni ya mchezaji aliyekwisha kukomaa kisoka. Kijana wa 19 watamwambia bado uko darasani. Na hata huyo aliyekomaa anapewa siku 15 tu baada ya mechi rasmi ya mwisho ya klabu yake msimu huo, zikipita basi. Sababu inayoeleweka zaidi ni mshahara: miezi miwili haijalipwa, unaandika barua ya kudai, unawapa siku 15. Huyu Mjomba kasema mshahara unaingia. Kwa hiyo akivunja, wa kudaiwa fidia ni yeye.

Lakini kwa nini avunje? Aombe mkopo kuja hiyohiyo timu ya Dodoma. Mkataba wake Ligi Kuu unabaki, dada anapata mtoto wake karibu, dogo anadaka. Kumbuka tu kwamba msimu mmoja anaweza kusajiliwa klabu zisizozidi 3 na kucheza mechi rasmi kwa 2 tu. Kwa kuwa hajachezeshwa msimu huu, bado yuko huru. Barua ya mkopo iseme nani analipa mshahara, nani anatibu akiumia, na lini anarudi. Neno "tutaelewana" lisiwemo.

Mama Kipa Nkuhungu:
Wa kwangu naye anadaka, kwa hiyo kwenye penalti huwa naangalia ukuta. Shemeji Mjomba, dada yako hajakosea kutaka shule, ila mumwambie ukweli wa ratiba. Mwanangu alijiandikisha chuo kimoja hapa mjini, jaribio likaangukia siku timu iko safarini Bukoba. Aliporudi mwalimu hakutaka hata kusikia neno mpira. Muhula mzima ukarudiwa, na ada tukalipa upya. Barua ya timu iende chuoni kabla ya msimu kuanza, msingoje tatizo.

Halafu punguzeni presha ya umri. Kipa hazeeki kama mshambuliaji. El Hadary wa Misri alidaka Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45, na penalti akapangua. Wa kwetu Kaseja, aliyekuwa langoni Simba ilipomtoa Zamalek kwa penalti mwaka 2003, alikuwa bado anadaka Ligi Kuu miaka zaidi ya 15 baadaye.

Mnyama Area C:
Hapo kwa Kaseja naunga mkono mia kwa mia. Ila First League ni chini sana jamani. Nani atamwona? Skauti gani anakuja kuangalia mechi ya saa nane mchana watu 60 uwanjani?

Nyavu Kuukuu:
Hoja nzuri, na ndiyo maana na mimi moyo wangu ulianza na Championship. Yakoub Suleiman alionekana akidaka JKT Tanzania, akaenda na timu ya taifa mashindano ya Afrika ya CHAN, 2025 mkamsajili ninyi wenyewe. Ila alikuwa anadaka. Jibu linategemea Mjomba apige simu aulize kocha wa makipa ni nani.

Mjomba wa Chang'ombe:
Nimepiga simu zote mbili.

Championship: nikauliza kocha wa makipa ni nani. Kimya. Nikasikia anaulizana na mwenzake. Kisha, "kocha msaidizi huwa anawasaidia." Nikauliza kama wana kipa mwingine, akasema wako wanne, na wawili wameahidiwa namba moja. Hilo la mwisho lilimtoka tu.

First League: yupo mzee mmoja, kipa wa zamani, anakuja kwa baiskeli saa kumi na mbili asubuhi, ana mipira sita na kamba ya kufungia mbuzi, anaifunga mlingoti hadi mlingoti. Leo nimekwenda kumwona. Hakuniuliza dogo ana urefu gani. Aliuliza, "Akifungwa huwa anaokota mpira mwenyewe au anaangalia beki?"

Jioni nikamuuliza dogo kwenye simu. Akasema, "Anko, nimechoka kuangalia magoli ya watu. Nataka nifungwe ya kwangu."

Klabu yake imekubali mkopo wa kuja hapa Dodoma. Rasimu ya barua ninayo hapa: mshahara nusu kwa nusu, matibabu klabu mama, arudi msimu ukiisha.

Karani wa Makole:
Safi. Glavu?

Mjomba wa Chang'ombe:
Glavu hazijatajwa.

Karani wa Makole:
Kwa kokoto za viwanja vyetu, jozi haimalizi miezi miwili. Irudishe hiyo barua kesho asubuhi.