Naomba ushauri: mbayuwayu wachanga wa Ulaya kwenye nyaya za stima

Wadau, vuli imeingia na nyaya za stima huku Lang'ata zimejaa mbayuwayu. Mgeni wa Ulaya aliyekomaa hana shida: paji la uso na koo rangi ya kutu, mkanda mweusi-bluu kifuani, tumbo jeupe. Taabu ni wachanga wa mwaka huu. Koo limefifia, nyuzi za mkia (yale manyoya marefu ya pembeni) ni fupi, na hata wakubwa hubadili manyoya wakiwa huku, kwa hiyo urefu wa mkia si ushahidi (mimi nimeacha kuutazama). Wenyeji ni rahisi zaidi: mwenye mkia wa waya ana utosi wa kutu na koo jeupe, na mwenye michirizi tumboni anajitangaza mwenyewe.

Sasa, wakiwa angani na mwanga uko nyuma yao, wote ni weusi tii. Mnatazama nini kwanza? Darubini ni 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42).

Na kuhesabu je? Kumi kumi wakiwa wametua, sawa. Ila akipita mwewe wote wanaruka, wanarudi wamechanganyika, na hujui yupi umeshamhesabu. Mnaanza upya, au mnachukua hesabu kubwa zaidi ya asubuhi hiyo?